Moto ulioanza shambani kwa kaka, ukaishia kifuani mwa mtoto

Wiki iliyopita niliahidi tungezungumzia chakula cha mtoto anayetimiza miezi sita. Ahadi hiyo ipo, tutaitimiza. Lakini leo naomba tuzungumze kuhusu moto wa nyika, kwa sababu kiangazi kimeshaingia na niliyoyaona nyumbani kwetu Rugera, Karagwe, hayawezi kusubiri.

Nilifika Alhamisi jioni. Kabla sijashuka kwenye bodaboda niliona kilima cha ng'ambo kimefunikwa moshi, na chini yake mstari mwekundu wa moto unapanda taratibu kama watu waliobeba mienge. Bibi alikuwa kibarazani, ameziba pua kwa ncha ya kitenge.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umetukuta tunafukizwa kama nyuki."

Tukacheka. Hakuna aliyeonekana kuwa na wasiwasi. Sisi wa huku tumezoea. Kila mwaka mvua za masika zikikatika, nyasi zinakauka, na ifikapo Julai na Agosti hukosi kilima kinachoungua. Moto unakuja, unapita, mvua za Septemba zinanyesha, nyasi zinaota tena. Hivyo ndivyo tulivyokua.

Usiku huo, yapata saa sita, wifi alinigongea mlango. Binti yao wa miaka mitatu alikuwa anakohoa tangu jioni, na sasa alikuwa anahema kama aliyetoka mbioni. Nilimfunua nguo, nikawasha tochi ya simu, nikamhesabia pumzi kwa dakika nzima. Zilikuwa 52. Chini ya mbavu, kila alipovuta hewa, ngozi ilikuwa inabonyea ndani. Alipotoa hewa kilisikika kimlio chembamba, kama filimbi iliyo mbali.

Tulipakizana kwenye bodaboda mbili hadi kituo cha afya. Mhudumu aliyekuwa zamu alimsikiliza kifua, akampa dawa ya kuvuta ya kufungua njia ya hewa, akatuuliza swali moja: "Kwenu kuna moshi?" Hadi kunakucha pumzi zilikuwa zimeshuka, mtoto amelala kifuani mwa mama yake. Namshukuru Mungu, leo anakimbiza kuku.

Kaka yangu alikuwa amekaa nje kwenye benchi, ameinamisha kichwa. Nilidhani ni uchovu. Akaniambia kwa sauti ya chini: "Moto ule ni wangu."

Jumanne alikuwa amechoma mabua ya mahindi kwenye shamba lake la chini ya kilima, kama anavyofanya kila mwaka. Jioni aliona moto umezimika, akarudi nyumbani. Kumbe kisiki kikavu kilichokuwa pembeni kilibaki na makaa ndani. Jumatano mchana upepo ulipovuma, makaa yakarukia nyasi. Kilima kikashika.

Nilimwomba ruhusa ya kuandika. Akasema, "Andika tu. Asome mwingine kabla hajawasha kiberiti."

Moto wa nyika huanzia wapi?

Ziko nchi ambako radi ni chanzo kikubwa cha moto wa misitu. Kwetu radi huja zaidi na mvua, nayo mvua huzima. Moto wa kiangazi, kwa sehemu kubwa, una mtu aliyeuwasha. Mara nyingi si mtu mbaya. Ni mtu aliyekuwa na kazi yake.

Mkulima anasafisha shamba kabla ya mvua za Septemba. Mfugaji anachoma nyasi kavu ili ziote changa kwa ajili ya ng'ombe. Mlina asali anaingia porini na mwenge wa kufukuza nyuki, akimaliza anautupa. Mchoma mkaa anaacha tanuri lake bila mtu. Mwindaji anawasha moto ili wanyama watoke. Mvutaji anatupa kipande cha sigara kando ya njia. Watoto wanachunga mbuzi, wanachoma mahindi, wanaitwa nyumbani na kuacha moto pale pale.

Na sisi wa jikoni tumo pia. Jivu linalotolewa jikoni asubuhi na kumwagwa kando ya migomba linaweza kuwa na makaa hai ndani. Kibanja chetu, yaani shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, limetandazwa nyasi kavu ili kutunza unyevu. Kaa moja linatosha.

Kuna pia imani niliyoisikia tangu utotoni, kwamba ukiwasha nyika na moto wako ukafika mbali, basi umri wako nao ni mrefu. Waliotuambia hivyo hawakutuambia umri wa jirani unakuwaje.

Kwa nini moto mdogo unakushinda

Moto unahitaji vitu vitatu: kitu cha kuungua, hewa na joto la kuanzia. Kiangazi kinakupa viwili vya kwanza bure. Nyasi zimekauka, upepo wa mchana unavuma. Kilichobaki ni kiberiti.

Hapa kwetu tuna jambo la nne, nalo ni vilima. Moto ukipanda mlima hukimbia kuliko ukiwa tambarare, kwa sababu ndimi zake zinazikausha na kuzipasha nyasi za juu kabla hazijafikiwa. Kadiri mteremko unavyokuwa mkali ndivyo kasi inavyoongezeka. Ndiyo maana mtu anayewasha moto bondeni saa saba mchana, akidhani atauzuia kwa tawi la mti, anajikuta anautazama ukiwa kileleni.

Tena moto hulala. Ndani ya kisiki, kwenye mzizi, chini ya lundo la samadi kavu, makaa yanaweza kukaa siku kadhaa bila kutoa moshi wa kuonekana. Kaka yangu aliuacha moto uliolala akidhani umekufa.

Moshi unafanya nini ndani ya mwili wa mtoto

Tunapoona moto wa kilimani, macho yetu huangalia ndimi za moto ziko umbali gani na nyumba. Zikiwa mbali, tunalala. Lakini moshi hausubiri moto ufike.

Moshi wa nyasi na miti umebeba gesi, ikiwamo kaboni monoksaidi inayozuia damu kubeba oksijeni, na chembechembe ndogo mno. Zinazoogopwa zaidi na wataalamu zina upana wa mikromita 2.5 au pungufu. Unywele mmoja wa kichwani mwako una upana wa karibu mara 30 ya chembe hiyo. Udogo huo ndio hatari yake: pua haiwezi kuinasa, koo haliwezi kuitema, inashuka hadi mwisho wa mapafu na nyingine huingia kwenye damu.

Mtoto anaumia zaidi yetu kwa sababu kadhaa. Anapumua haraka kuliko mtu mzima, hivyo kwa kila kilo ya uzito wake anavuta hewa nyingi zaidi, na uchafu mwingi zaidi. Njia zake za hewa ni nyembamba, zikivimba kidogo tu zinaziba. Mapafu yake bado yanakua. Na anacheza nje, hakai kibarazani na kitenge puani kama bibi.

Wengine wa kuangaliwa kwa karibu ni wajawazito, wazee, na wenye pumu, ugonjwa wa moyo au waliowahi kuugua kifua kikuu. Kwa mjamzito, kuvuta hewa yenye moshi kwa muda mrefu kunahusishwa na mtoto kuzaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo.

Kuna jambo jingine la mazingira yetu. Karagwe na Kyerwa ni nchi ya juu, usiku wa kiangazi ni wa baridi. Hewa baridi ni nzito, hutulia mabondeni na kuuzuia moshi usipande juu. Ndiyo maana kijiji kilichokuwa na moshi kidogo mchana kinaweza kuamka usiku wa manane kikiwa ndani ya ukungu mzito wa moshi, wakati watoto wote wamelala. Na kama jikoni nako kunapikwa kwa kuni na nyumba haina madirisha ya kutosha, mtoto anapata moshi wa pande mbili. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani peke yake ulichangia vifo milioni 3.2 duniani, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 wenye umri chini ya miaka mitano.

Kama unaona nazidisha, tutazame Australia. Kiangazi cha mwaka 2019 kuingia 2020 nchi hiyo ilipata moto mkubwa wa misitu. Watu 33 walikufa kwa moto wenyewe. Watafiti walipohesabu athari za moshi katika majimbo ya mashariki, walikadiria kwamba vifo vya ziada vilivyotokana nao ni 417. Wengi wa watu hao hawakuuona moto. Waliuvuta.

Hesabu pumzi za mwanao

Hili ni jambo ambalo kila mzazi mwenye simu anaweza kulifanya. Mtoto awe ametulia, halii wala hanyonyi. Mfunue kifua na tumbo. Weka saa ya simu dakika moja kamili. Kila tumbo linapopanda, hesabu moja.

Anapumua haraka kupita kiasi ikiwa ni:

- mara 60 au zaidi kwa dakika, mtoto wa chini ya miezi 2;
- mara 50 au zaidi, mtoto wa miezi 2 hadi 11;
- mara 40 au zaidi, mtoto wa mwaka 1 hadi 5.

Ukipata idadi hiyo, mpeleke zahanati au kituo cha afya, usingoje kesho. Na usiku ule ule, bila kuhesabu chochote, mkimbize ukiona: ngozi ya chini ya mbavu inabonyea ndani anapovuta hewa, midomo au ulimi unabadilika kuwa wa bluu au kijivu, anashindwa kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amelegea na ni vigumu kumwamsha, au amepata degedege.

Tafadhali usimfukize mvuke wa majani chini ya shuka. Nimeona watoto wameunguzwa na maji hayo ya moto. Usimpake mafuta puani, wala usimpe dawa ya kikohozi iliyobaki ya mtoto mwingine. Kama ana pumu na ana dawa yake ya kuvuta, hakikisha haijaisha kabla ya Julai kwisha.

Na kitambaa je? Wengi hulowesha kanga na kumfunga mtoto puani. Kitambaa kinazuia jivu kubwa na kupunguza joto kooni unapokimbia moto. Chembe ndogo na gesi vinapita. Usimfunge kitambaa ukamwacha acheze nje ukiamini umemkinga. Na mtoto mchanga asifungwe kabisa, atakosa hewa.

Kinachosaidia ni kumwondoa kwenye moshi. Kama kuna ndugu upande ambao upepo hauelekezi moshi, mpeleke alale huko siku mbili tatu. Kama huwezi, chagua chumba kimoja, funga madirisha ya upande moshi unakotoka, ziba upenyo wa mlango kwa nguo yenye unyevu, na pika nje au kwenye jengo lingine. Usiingize jiko la mkaa kwenye chumba hicho kwa sababu ya baridi, hata kwa dakika chache. Moshi ukipungua nje, fungua madirisha hewa ibadilike.

Akiungua

Kila kiangazi wapo watoto wanaoungua miguu baada ya moto kupita, si wakati unawaka. Wanakwenda kwenye majivu kutafuta panya au kuni, wanakanyaga shimo la mzizi ambalo juu ni jivu jeupe na chini ni makaa. Waambie mapema: penye majivu hapachezewi.

Ikitokea nguo imeshika moto, mtoto asikimbie. Kukimbia kunaupa moto hewa. Mfundishe kusimama, kulala chini na kujiviringisha, akiwa ameficha uso kwa mikono. Mjaribuni nyumbani kama mchezo, atakumbuka.

Penye jeraha, mwagia maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Si dakika mbili, ni 20. Hata kama zimepita saa moja au mbili tangu aungue, bado maji yanasaidia. Kama hakuna bomba, mwagieni kwa kikombe kwa zamu. Toa bangili, shanga na nguo ambazo hazijagandana na ngozi. Kisha funika kwa kitambaa safi na uende kituo cha afya. Sehemu iliyobaki ya mwili mfunike asipatwe na baridi.

Usipake dawa ya meno, yai, unga, asali, mafuta ya taa, matope wala samli. Vinashika joto ndani na kuleta maambukizi, na mhudumu atalazimika kuvikwangua kwanza, mtoto akilia upya. Usitumbue malengelenge.

Moto unakula na sahani

Asubuhi ile baada ya kituo cha afya, nilipita na kaka shambani. Jirani yake amepoteza miche ya kahawa aliyoipanda mwaka juzi. Kilima chote kilikuwa cheusi. Bibi alipokiona alisema neno moja tu: "Matandazo yameisha."

Mjini watu wangedhani anahuzunikia nyasi. Mtu wa hapa anaelewa. Nyasi za kilimani ndizo tunazokata na kutandaza kwenye migomba. Zinazuia jua lisikaushe udongo, zinaoza na kuwa mbolea, zinapunguza magugu. Ukizichoma, kibanja kinabaki wazi, mikungu inakuwa midogo, na sahani ya mtoto nayo inapungua. Mvua za kwanza zikinyesha juu ya kilima kisicho na nyasi zinashuka na udongo, zinachafua chemchemi tunakochota maji, na kuharisha kunaanza. Nyuki waliokuwa wanachavusha kahawa na maharage wamekufa au wamehama. Mama anakwenda mbali zaidi kutafuta kuni.

Huo ni mfuatano ambao sisi waandishi wa afya hatuuandiki vya kutosha. Moto wa Agosti unaweza kumfikia mtoto kliniki mwezi wa kumi na mbili, kwenye mizani.

Hata mlima mrefu kuliko yote

Tanzania Bara ni nchi ya misitu. Tathmini ya kitaifa iliyochapishwa mwaka 2015 ilionyesha tuna hekta milioni 48.1 za misitu, zaidi ya nusu ya ardhi yote. Sisi wa Karagwe na Kyerwa tunapakana na hifadhi mbili za taifa, Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa, zilizopandishwa hadhi mwaka 2019. Moto unaoanza kijijini hausomi bango la mpaka.

Wengi mnakumbuka Oktoba 2020, Mlima Kilimanjaro ulipowaka. Moto ulianza tarehe 11 katika eneo la kupumzikia la Whona, kati ya vituo vya Mandara na Horombo. Taarifa za awali za mamlaka zilieleza kuwa chanzo kilikuwa moto wa kupashia chakula cha wageni. Mamia ya watu walipanda kuuzima: askari wa hifadhi, zimamoto, wanafunzi, wanakijiji. Takriban kilomita za mraba 95 ziliungua. Ukitaka picha yake, ni zaidi ya viwanja 13,000 vya mpira wa miguu. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2022, mlima ule ule ukawaka tena, safari hii karibu na kambi ya Karanga.

Kama moto wa kupasha chakula unaweza kuufanya hivyo mlima wenye askari na hifadhi, basi mimi na wewe tusijidanganye kuhusu kilima chetu.

Kinga ianzie kwenye familia

Simwambii mkulima asiandae shamba. Namwomba ajiulize kwanza kama lazima achome. Mabua na majani yakikatwa na kulazwa kwenye mistari yanaoza na kurudisha rutuba. Yakirundikwa na samadi yanakuwa mboji. Nyasi za kilimani zikikatwa mapema zinakuwa matandazo, na hapo hapo umeondoa kitu cha kuungua.

Ukiona huna njia nyingine, usichome kwa siri. Sheria ya Misitu Namba 14 ya mwaka 2002 ina sehemu inayodhibiti uchomaji wa uoto. Nenda ofisi ya serikali ya kijiji, toa taarifa, pata kibali, waarifu majirani. Kisha:

- lima barabara ya moto kuzunguka eneo lote, ardhi ibaki tupu bila jani;
- chagua saa za asubuhi mapema au jioni, upepo ukiwa umetulia. Upepo ukianza, acha;
- kuwe na watu wazima wa kutosha, maji, majembe na matawi mabichi;
- watoto wabaki nyumbani, na mwenye pumu ahamishwe kabla;
- usiondoke hadi kila kisiki kimemwagiwa maji na kufukiwa. Weka mgongo wa kiganja karibu na jivu. Ukisikia joto, moto haujafa. Kesho yake rudi uangalie tena.

Penye misitu na hifadhi, wataalamu huchoma nyasi mapema, kiangazi kinapoanza na majani yakiwa bado na unyevu, ili moto wa baadaye ukose cha kula. Hiyo ni kazi yao, yenye mpango na vibali. Isiwe kisingizio cha kila mmoja kubeba kiberiti.

Jikoni, mwagia jivu maji kabla ya kulitupa, na litupe kwenye shimo. Safisha nyasi kavu na majani kuzunguka nyumba, ghala na banda. Mlina asali atumie bomba la moshi badala ya mwenge. Na viberiti vikae juu, mbali na mikono midogo.

Moto ukiwa umeshawaka, piga 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, kisha mwenyekiti wa kitongoji. Piga hata kama unadhani gari halitafika, maana taarifa ya mapema inasaidia kupanga watu. Watoto, wajawazito na wazee waondoke kwanza. Msikimbie kupanda mlima, moto utawapita. Shukeni, elekeeni kando ya moto, barabarani, kwenye shamba lililolimwa au mahali palipokwisha kuungua na kupoa. Mkubaliane leo, mkiwa mezani, mtakutana wapi na nani atambeba nani.

Jumapili kabla sijarudi mjini, kaka alikwenda kwa jirani akiwa na mzee mmoja wa ukoo. Alikiri, akakubali kumlipia miche na kumsaidia kuipanda mvua zikianza. Haikuwa rahisi. Alirudi kimya, akachukua jembe, akaanza kulima barabara ya moto kuzunguka kibanja. Binti yake alimfuata na kijiti chake, naye "analima".

"Baba, moto umelala?" akauliza.

Kaka akainama, akaweka mgongo wa kiganja juu ya kisiki, akakaa hivyo muda mrefu kabla ya kumjibu.

Wazazi wenzake, kiangazi bado kirefu. Usiku wa leo, kabla hamjalala, nendeni mkaangalie jivu la jikoni liko wapi. Tukutane wiki ijayo, tutazungumzia uji wa mtoto kama nilivyoahidi.